Mbuzi wamechanjwa sotoka na bado wamekufa: je, tungoje chanjo mpya?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa mbuzi na kondoo, Longido. Mwaka jana kiangazi tulichanjiwa mifugo dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Hazikupita wiki mbili, mbuzi wangu wakaanza kutoa kamasi, kuhara na kufa, wengi wao wadogo. Majirani wanasema chanjo ndiyo iliyowaua na sasa hawataki hata kuisikia. Mwanangu aliye chuoni anasema wataalamu wanatengeneza chanjo mpya ya ugonjwa huohuo. Kama ile ya zamani inakinga, mpya ni ya nini? Na kama haikingi, kwa nini tunachomewa mifugo? Nisubiri hiyo mpya?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa hasara. Mbuzi akifa kiangazi, hafi peke yake. Ada ya shule nayo imekwenda. Sishangai majirani wakiwa na hasira.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: usisubiri. Chanjo ya sotoka iliyopo ni miongoni mwa chanjo bora kabisa alizowahi kupata mfugaji wa Afrika. Sindano moja, mbuzi akiwa na afya na chanjo ikiwa hai, humkinga kwa miaka isiyopungua mitatu, na kwa mbuzi wengi hiyo ni sehemu kubwa ya maisha yao zizini. Hiyo mpya anayoisema mwanao haitengenezwi kwa sababu ya zamani imeshindwa kukinga. Inatengenezwa kwa sababu mbili nyingine, joto na vipimo, nami nitazieleza zote mbili. Lakini nikizieleza bila kusema chanjo yenyewe ilivyopatikana, utabaki na mashaka yaleyale ya majirani.

Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo kwenye fomu za maabara huandikwa PPR, husababishwa na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha sotoka ya ng'ombe na kile cha surua ya watoto. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 huko Ivory Coast, na kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni sotoka ya ng'ombe tu iliyohamia kwa mbuzi. Ni mwaka 1979 ndipo ilipokubalika kwamba hiki ni kirusi kinachojitegemea. Kwetu Afrika Mashariki kilionekana Turkana mwaka 2006, Karamoja mwaka 2007, na Ngorongoro mwaka 2008. Baada ya hapo kikaibuka hadi Tandahimba, kusini kabisa, na waliofuatilia chanzo wakakikuta kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Nakutajia Pugu kwa makusudi, kwa sababu nitarudi kwenye minada.

Kirusi hiki huingia kwa pumzi, mbuzi kwa mbuzi, pua kwa pua. Kwanza hushambulia chembe nyeupe za damu na mitoki, yaani askari wenyewe wa mwili, kisha utando wa mdomo, wa utumbo na wa mapafu. Ndiyo maana unaona homa ya digrii 40 hadi 41, matongo, kamasi inayokauka puani, vidonda vya ufizi na ulimi, harufu mbaya mdomoni, kuhara, na mwishowe mapafu. Na kwa kuwa askari wameuawa kwanza, vijidudu vilivyokuwa vimetulia mapafuni huamka na kummaliza mnyama. Katika kundi ambalo halijawahi kuguswa na ugonjwa huu, vifo vinaweza kufika nusu ya kundi, na mara nyingine hata tisa katika kumi. Hakuna dawa inayokiua kirusi hiki. Oksitetra, yaani dawa ya bakteria, husaidia dhidi ya vile vijidudu vya mapafuni tu. Kwa hiyo yote yanaangukia kwenye chanjo.

Chanjo ya kwanza ya mbuzi iliazimwa kwa ng'ombe. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, walikidhoofisha kirusi cha sotoka ya ng'ombe kwa kukikuza mara nyingi kwenye seli za figo za ndama, na chanjo waliyoipata ndiyo iliyokuja kuufuta ugonjwa ule duniani. Kwa sababu virusi hivi ni ndugu, chanjo ya ng'ombe iliwakinga na mbuzi pia, na nchi nyingi ziliitumia hivyo kwa miaka. Kisha ikazuka shida. Ili dunia itangaze kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha, ilibidi kupima damu na kukuta hakuna mnyama mwenye kingamwili, yaani alama za kinga damuni, za ugonjwa ule. Mbuzi aliyechanjwa chanjo ya ng'ombe alikuwa nazo, na hakuna aliyeweza kujua kama alizipata kwa sindano au kwa ugonjwa. Ikawa lazima mbuzi wapate chanjo yao wenyewe.

Mbegu yake ilitoka kwa mbuzi wa Nigeria, kirusi kilichokusanywa mwaka 1975 na kuitwa Nigeria 75/1. Adama Diallo, mtaalamu wa virusi, pamoja na wenzake walikichukua wakakikuza kwenye seli za figo za tumbili zinazooteshwa maabara, kisha wakavuna kilichozaliana, wakakipanda kwenye seli mpya, wakavuna tena, wakapanda tena. Kazi hiyo ilirudiwa zaidi ya mara 70, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Kila kizazi cha kirusi huwa na makosa madogomadogo ya kunakili. Ndani ya mbuzi, makosa mengi humponza kirusi. Ndani ya chupa ya seli, ambako hakuna kinga ya kupambana nayo wala mnyama wa kuambukiza, yale yanayomsaidia kuishi chupani ndiyo yanayobaki, na taratibu uwezo wa kumuuguza mbuzi unapotea. Mwishoni unakuwa na kirusi ambacho ukimdunga mbuzi kinazaliana kidogo, kinauonyesha mwili sura kamili ya adui, kisha kinaondolewa. Mbuzi hapati vidonda, hahari, na hata mwenye mimba anaweza kuchanjwa. Katika miaka yote ya matumizi hakijaonekana kurudia ukali wake wala kuenea kutoka kwa mnyama aliyechanjwa kwenda kwa mwenzake asiyechanjwa. India nao walifanya kazi kama hiyo kwa kirusi chao, Sungri 96, na chanjo yake imetumika kwa mamilioni ya wanyama.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusikiue kirusi kabisa ndipo tudunge, ili watu waache hofu. Kwa ukoo huu wa virusi, kirusi kilichouawa hutoa kinga hafifu isiyodumu. Marekani walijaribu chanjo ya surua ya kirusi kilichouawa kuanzia mwaka 1963, wakaiondoa mwaka 1967, kwa sababu kinga ilififia na baadhi ya watoto waliochanjwa waliugua vibaya zaidi walipokutana na surua yenyewe. Kirusi hai kilichodhoofishwa ndicho kinachofundisha mwili sawasawa. Uhai huo ndio nguvu ya chanjo yako, na ndio pia udhaifu wake mkubwa.

Kuna bahati moja nisiyotaka uipite bila kuiona. Virusi vya sotoka ya mbuzi duniani vimegawanyika katika koo nne, na Tanzania yenyewe imepatikana na zaidi ya ukoo mmoja. Hata hivyo kinga dhidi ya mmoja inakinga dhidi ya zote. Kwa hiyo mbegu ya Nigeria ya mwaka 1975 inamkinga mbuzi wa Longido leo. Waulize wenye ng'ombe wanaohangaika na ugonjwa wa midomo na miguu, ambako chanjo ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya aina nyingine, watakuambia bahati hiyo ina thamani gani.

Sasa turudi kwa mbuzi wako. Je, chanjo iliwaua? Kwa ulivyoeleza, siamini. Lakini sisemi kwamba majirani wameona uongo. Waliona sindano, kisha wakaona vifo, na hakuna aliyewaeleza kilichopita katikati.

Angalia siku. Mbuzi akivuta kirusi leo, dalili huanza kwa kawaida baada ya siku nne hadi sita. Kinga ya chanjo nayo huhitaji siku kumi hadi wiki mbili kuwa imara. Kwa hiyo kundi likichanjwa wakati ugonjwa tayari uko bomani au kwenye kisima mnachonyweshea pamoja, wapo watakaougua siku chache baada ya sindano, na itaonekana dhahiri kwamba sindano ndiyo iliyowaletea. Kiangazi ndicho kipindi hasa cha hatari hiyo, kwa sababu makundi yanakutana kwenye maji machache na watu wanapeleka mifugo mnadani kutafuta fedha za chakula. Tena mchanjaji asiyebadilisha sindano, akitoka kwa mbuzi mwenye homa akaenda kwa mzima, anaweza kuubeba ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ni kosa la kazi, na una haki ya kulikataa mbele ya macho yako.

Umesema wengi waliokufa ni wadogo. Mtoto wa mbuzi ambaye mama yake amechanjwa au aliwahi kuugua akapona hunyonya kingamwili kwenye maziwa ya kwanza, nazo humlinda kwa takriban miezi mitatu hadi minne. Ukimchanja akiwa na kinga hiyo ya mama, kingamwili zilezile hukiangamiza kirusi cha chanjo kabla hakijaufundisha mwili chochote. Kisha kinga ya mama inakwisha, na mtoto anabaki wazi huku daftari likisema amechanjwa. Hilo nimelikuta kwenye makundi mengi kuliko kosa jingine lolote. Watoto wanatakiwa wachanjwe baada ya kutimiza miezi mitatu au minne. Waliokuwa wadogo zaidi siku ya kampeni warudiwe baadaye, wasihesabiwe kuwa wamekwisha.

Inawezekana pia haikuwa sotoka. Homa ya mapafu ya mbuzi huua kwa kasi ileile, na Longido mnaifahamu vizuri. Lakini ile haileti vidonda vya mdomo wala kuhara, na hushika mbuzi, kondoo wanabaki wazima. Ulitaja kuhara, ndiyo maana naegemea upande wa sotoka. Hata hivyo bila kipimo ni kukisia tu.

Na jambo la nne, lenye uzito kuliko yote, ni joto. Kirusi cha sotoka kimevikwa utando wa mafuta, nao huharibika upesi jua likiwa kali. Kiwandani chanjo hugandishwa na kukaushwa ikawa unga mkavu chini ya kichupa, na unga huo unatakiwa ukae kati ya digrii 2 na 8 tangu kiwandani hadi zizini kwako. Kila dozi inatakiwa iwe na angalau takriban chembe hai 300. Zikipungua chini ya hapo mbuzi anadungwa maji tu, na hakuna anayeweza kuona kwa macho. Kichupa kilichokufa na kichupa kilicho hai vinafanana kabisa.

Ukishachanganya unga na maji yake, saa imeanza kukimbia. Chanjo iliyochanganywa itumike ndani ya nusu saa hadi saa moja, nayo ikiwa imekaa kwenye barafu na kivulini. Fikiria kinachotokea huku kwetu. Kichupa kina dozi 100, boma la kwanza lina mbuzi 40, mchanjaji anahurumia dozi 60 zilizobaki, anazitia mfukoni, anapanda pikipiki saa sita mchana kuelekea boma la pili, kisha la tatu. Wenye boma la tatu wamelipia, wamekamata mbuzi kwa jasho lao, na hawakupata kitu. Wapo pia wanaosafisha bomba la sindano kwa spiriti kwa nia njema ya usafi, na spiriti iliyobaki ndani inaua chanjo kabla haijatoka. Vifaa vya chanjo hai huchemshwa na kuachwa vipoe, basi.

Hapo ndipo sababu ya kwanza ya chanjo mpya inapoingia. Watafiti wamekuwa wakiboresha namna ya kuikausha ili ivumilie joto. Njia mojawapo ni kuongeza sukari iitwayo trehalosi, ambayo maji yanapoondoka hushika nafasi yake kuzunguka kirusi na kukizuia kisisambaratike. Nyingine ni kukausha zaidi, kwa sababu unyevu mdogo uliobaki kwenye unga ndio unaoharakisha kifo chake. Kirusi ni kilekile cha Nigeria 75/1 na kinga ni ileile. Kilichobadilika ni mapishi ya kukaushia. Viwanda kadhaa tayari vinatoa chanjo ya namna hiyo, inayoweza kukaa siku kadhaa bila jokofu.

Tunajua jambo hili lina uzito gani kwa sababu ya sotoka ya ng'ombe. Chanjo ya Muguga ilikuwa nzuri lakini ilitaka baridi, na ugonjwa ukaendelea kujificha mahali ambapo gari lenye jokofu halifiki: Afar kule Ethiopia, Karamoja, Sudan Kusini. Jeffrey Mariner na wenzake walipopata namna ya kuikausha ikavumilia joto, wafugaji wenyewe waliofunzwa uchanjaji waliibeba kwa miguu hadi kwenye kambi za mifugo. Ugonjwa ukakosa pa kujificha, na mwaka 2011 ukatangazwa umefutwa duniani. Kirusi hakikubadilishwa, aliyebadilika ni mtu wa kuibeba. Kwa maoni yangu, katika kazi yote inayoendelea sasa kuhusu sotoka ya mbuzi, hii ndiyo ya kupewa fedha kwanza, na ndiyo inayosemwa kidogo zaidi kwa sababu haina mng'aro wa sayansi mpya.

Lakini sikiliza vizuri: uvumilivu huo wa joto ni wa unga. Ikishachanganywa na maji, inakufa kama ile ya zamani. Kichupa cha mfukoni kwenye pikipiki hakiponywi na teknolojia. Dawa yake ni vichupa vidogo vya dozi chache, na majirani kukubaliana kuleta mbuzi mahali pamoja asubuhi na mapema.

Sababu ya pili ni ile iliyowasumbua watu wa sotoka ya ng'ombe: vipimo. Mbuzi aliyechanjwa chanjo ya sasa na mbuzi aliyeugua akapona wana kingamwili zilezile. Nikichukua damu bomani kwako sitajua kama kirusi bado kinatembea Longido au naona kazi ya mchanjaji tu. Mwaka 2015 mashirika ya kimataifa ya chakula na ya afya ya wanyama yalizindua mjini Abidjan mpango wa kuifuta sotoka ya mbuzi ifikapo mwaka 2030, na huwezi kuthibitisha kwamba umefuta kitu ambacho vipimo vyako haviwezi kukitofautisha na dawa yake. Kinachotafutwa ni chanjo inayomvalisha mbuzi hereni isiyoonekana, hereni ya ndani ya damu, ili maabara iseme: huyu kingamwili zake ni za sindano.

Namna inavyofanyika si ngumu kuieleza. Kirusi kina protini kadhaa. Mbili kati yake, H na F, ziko nje kwenye utando, na ndizo ambazo mwili ukizifahamu mnyama anakingika. Nyingine, N, iko ndani, na mwili hutengeneza kingamwili nyingi dhidi yake ingawa hazimkingi sana. Watafiti wamechukua jeni ya H au ya F wakaipandikiza kwenye kirusi kingine kisicho na madhara. Mbuzi akichanjwa hivyo anapata kinga, lakini kipimo kinachotafuta N hakioni kitu. Kipimo hicho kikiona N, basi mbuzi amekutana na kirusi chenyewe cha ugonjwa.

Wabebaji wa jeni hiyo ni wa namna mbalimbali. Kuna kirusi cha ndui ya mbuzi na kondoo kilichodhoofishwa, na hicho kinanivutia kwa sababu sindano moja ingekinga magonjwa mawili. Shida iliyojitokeza ni kwamba mbuzi ambaye tayari ana kinga ya ndui hukiondoa kirusi kibebaji mapema, na kinga ya sotoka inapungua. Katika maeneo ambayo ndui imezoeleka hilo si jambo dogo. Kuna virusi vya mafua aina ya adenovairasi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, na majaribio ya maabara nchini Uingereza yameonyesha vinaweza kuwakinga mbuzi. Na kuna njia ya kukijenga upya kirusi cha Nigeria 75/1 chenyewe maabara, jeni kwa jeni, na kubadilisha kipande kidogo cha protini ambacho kipimo hukitafuta. Kukijenga kumewezekana. Kupata kipande ambacho ukikibadilisha kipimo kinatofautisha kila mara bila kupunguza kinga, hapo ndipo kazi ilipo.

Mwanao akikuambia chanjo imekinga mbuzi maabara, muulize iko hatua gani, kwa sababu kutoka hapo hadi kwako ni mbali. Kuna jaribio la kukabili: mbuzi waliochanjwa na wasiochanjwa wanawekwa pamoja kwenye vyumba vilivyofungwa hewa, wote wanapewa kirusi kikali, na wale wasiochanjwa wasipougua jaribio halina maana. Hili la mwisho linasumbua kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mbuzi hutofautiana kwa asili, na wapo wanaougua kidogo tu. Kisha usalama kwa wenye mimba, muda wa kinga, majaribio ya bomani, usajili. Kisha mbegu: kiwanda huhifadhi mbegu kuu na hakiruhusiwi kuizalisha vizazi vingi kutoka hapo, ili kirusi kisibadilike tena. Mbegu isipojulikana sawasawa mambo huenda kombo. Ipo mbegu ya chanjo ya ndui iliyochukuliwa kwa kondoo wa Kenya, O-240, ikatumika miaka mingi kuwachanja kondoo na mbuzi, hadi wasomaji wa jeni walipogundua kwamba kumbe ni kirusi cha ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe. Na baada ya kiwanda, kabla ya shehena kuondoka, sampuli za chanjo za Afrika hupelekwa kituo cha Umoja wa Afrika kiitwacho PANVAC, Bishoftu (Debre Zeit), Ethiopia, wapime kama kuna chembe hai za kutosha na kama hakuna uchafu wala kirusi kingine ndani.

Kwa hiyo ukisubiri hereni ya damu ikufikie, utasubiri misimu mingi ya kiangazi, na wakati huo ugonjwa hautakusubiri. Kundi la mbuzi hubadilika haraka: wanauzwa, wanachinjwa, wanazaliwa, na ndani ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya kundi ni wageni wasiojua chanjo. Ndiyo sababu kampeni ya mara moja haitoshi. Kinachokubalika ni kuchanja kundi zima kwa miaka miwili mfululizo, kisha kuwafuata watoto waliozaliwa baada ya hapo. Hata bila chanjo ya hereni kuna njia ya kupima: ukishaacha kuchanja, unapima damu ya wale tu waliozaliwa baadaye na wakavuka umri wa kinga ya mama. Wakiwa na kingamwili, kirusi bado kipo. Njia hiyo inataka umri wa mnyama uandikwe kwa ukweli, na anayeujua ukweli huo ni wewe, si mimi.

Longido pia mnapakana na wanyamapori. Kingamwili za sotoka zimekutwa kwa nyati, nyumbu na swala katika ikolojia ya Serengeti, ingawa kwa tunavyoona wao huupata kwa mifugo. Mongolia, mwaka 2016 na 2017, ugonjwa uliotoka kwa mbuzi na kondoo wa wafugaji uliua maelfu ya swala wa nyikani waitwao saiga, ambao tayari walikuwa wachache duniani. Kundi lenu likikingwa, na wao wanakingwa.

Kwa msimu ujao, nakuomba wewe na majirani mfanye hivi. Ombeni chanjo ije kabla ya kiangazi kukolea, mifugo ikiwa na mwili na kabla ya makundi kukutana visimani, siyo baada ya vifo kuanza. Siku ya kuchanja, nenda ukaangalie kisanduku: kuna barafu? Kichupa kinafunguliwa na kuchanganywa mbele yenu? Kilichobaki baada ya saa moja kinamwagwa? Mchanjaji mzuri hatachukia kuulizwa. Mbuzi mwenye homa au kamasi atengwe, asichanjwe pamoja na wengine. Watoto walio chini ya miezi mitatu waandikwe, warudiwe. Na mbuzi yeyote atokaye mnadani, awe zawadi, awe wa mahari, akae peke yake wiki tatu kabla hajaingia zizini, kwa sababu kilichofika Tandahimba kutoka Pugu kilisafiri kwa namna hiyohiyo.

Na ikitokea tena mbuzi akafa baada ya chanjo, usimzike kimyakimya wala kumgawa nyama. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, na umpigie wakati bado kuna wengine wenye homa, kwa kuwa sampuli nzuri hutoka kwa mnyama aliyeanza kuugua karibuni: ute wa macho na pua, damu, na kwa aliyekufa, kipande cha pafu na cha mtoki. Mpe tarehe ya kuchanjwa, namba iliyoandikwa kwenye kichupa, na umri wa waliokufa. Kwa taarifa hizo tutajua kama ni chanjo iliyofia njiani, ugonjwa uliotangulia sindano, kinga ya mama, au homa ya mapafu.